Mechi ya Malta Sebuleni kwa Wakwe

Alhamisi, Unionville

Yamekwisha salama, na bado siamini. Mwezi mzima nimeiogopa siku ya kukutana na wazazi wa Mark, mchumba wa binti yetu Shelina. Wao ni Wakatoliki wa Malta, sisi Waismailia wa Dar es Salaam, sote wahamiaji huku ugenini. Nilijua suala la ndoa ifungwe wapi litazua maneno.

Tulipofika, baba yake, Bwana Carmelo, alikuwa mbele ya televisheni, skafu shingoni katika joto hili. Klabu yake ya Malta ilikuwa inacheza mechi ya kufuzu mashindano ya Ulaya. Hakuizima. Nilikasirika. Yaani hata leo?

Mume wangu, Karim, akakaa naye. "Huko Ulaya mmewahi kufika wapi?"

"Hatujawahi kuvuka raundi ya kwanza. Naishangilia tangu utotoni."

Karim akacheka, akamsimulia timu yake ya Dar ilivyokuwa ikitolewa mapema Afrika. Klabu ya Malta ikafungwa mabao mawili, na wazee hao wakasikitika pamoja kama ndugu.

Mechi ilipokwisha, Carmelo akanigeukia. "Mama, waanze kwenu jamatkhana, kisha waje kanisani wabarikiwe. Mke wangu na mimi tuko tayari. Niliogopa tu kwamba ninyi mtakataa."

Kumbe naye alikuwa na hofu.

Garini Shelina akakiri kwamba kama tungegombana, yeye na Mark wangekwenda kuoana kimyakimya, wawili tu. Sikumgombeza. Nilimwambia aanze kuandika majina ya wageni.