Mguu Aliouchora Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amerudi nyumbani kumalizia kitabu chake. Cha katuni – lakini si cha watoto, anasema, ni hadithi za watu walioamini uvumi mpaka ukawaumiza. Yumo mama aliyemkatisha mwanawe dozi kwa sababu ya klipu. Yumo bwana aliyehama mji akidhani majirani wanampeleleza. Nikamuuliza, na huyu mzee mwenye kidonda ni nani? Akajifanya anachonga penseli.

Namjua: ni mume wangu. Baba yao ameacha sindano za sukari tangu kinyozi alipoanza kumtumia maneno ya mtu wanayemwita Profesa. Eti sindano ndiyo inayoleta ugonjwa. Nani kasema? "Wenyewe wanajua, ila hawataki sisi tujue." Wenyewe, wenyewe. Nyumba hii sasa tunaishi wanne: mimi, yeye, mtoto na wenyewe.

Soksi ya kushoto haivui. Analala nayo.

Jumatano, 5 Machi

Mtoto alipokwenda kununua wino, nilichungulia kurasa zake mezani. Shule yangu fupi, lakini picha sihitaji mwalimu – ndivyo nilivyodhani. Ukurasa una picha nne. Mzee anatupa dawa. Chini yake, kaanguka sakafuni. Nikapanda upande wa pili: anakunywa supu. Chini ya hiyo, mkewe anatandika kitanda. Nikasema alhamdulillahi, kaamka.

Aliporudi nikampongeza kwa kumponya mzee. Akanitazama kwa huruma. Akaniambia, mama, hazisomwi kwa kushuka, zinakwenda kulia kama maandishi. Akanipitisha kwa kidole. Anatupa dawa, anakunywa supu. Halafu anaanguka. Halafu mke anatandika kitanda.

Kitanda kitupu.

Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mimi napenda nilivyosoma mwanzo.

Ijumaa, 7 Machi

Baba yao ameziona kurasa. Kwanza alicheka, akasema huyu ni kinyozi mtupu, tazama kitambi. Akafunua ukurasa mwingine. Hapo mzee kashika chuma cha kulehemu, mbele yake redio imefunguliwa tumbo. Sasa fundi redio mtaa huu ni nani mwingine? Kicheko kikakatika.

Akamgeukia mtoto. Sauti ya chini, hiyo ndiyo mbaya.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, baba. Nakuogopea tu."

"Wenyewe hawakosi mtu wa kumtuma. Mpaka ndani kwangu."

Mtoto aliyembeba mgongoni huku anatengeneza redio za watu! Nikaingilia. Nikamwambia, huyu nimemzaa mimi, kama yeye ni wa wenyewe basi mama yao wenyewe ndiye mimi, na chai yako ya asubuhi unaipokea mikononi mwangu. Mdomo ulimcheza kidogo. Kisha akachukua fimbo yake akaenda barazani.

Binti anasema atauondoa mlango huo wa kitabu. Nikamwambia asiguse. Sijui kama nimeshauri vyema. Nisipouona ukweli kwenye karatasi nitauona wapi, na soksi havui?

Jumamosi, 8 Machi

Hawasemeshani. Mwambie baba chakula tayari. Mwambie mwanao sina njaa. Nimekuwa posta.

Chumbani kuna harufu. Nimefua shuka, nimeanika godoro, nimefungua dirisha. Si shuka.

Jumapili, 9 Machi

Bora mikono ishike kalamu. Naandika nimesimama kando ya jiko, nawaona.

Mtoto alikuwa anachora mguu wa mzee. Baba yao akapita na fimbo, akatupa jicho, akaenda. Akarudi. Fundi hawezi kuiona kazi mbovu akapita.

"Umekosea," akasema. "Kidonda hakiko juu hivyo. Na hakikuanza kama tundu, kilianza kama lengelenge."

Mtoto akamwambia, "Mimi sijakiona, baba. Nachora kwa kukisia."

"Usikisie. Mtu akichora, achore kitu kilivyo."

Akavuta kiti. Akapandisha mguu juu ya kiti cha pili, akaanza kuvua soksi. Iligoma, ilikuwa imegandia. Aliivuta taratibu, uso kautazamisha ukutani.

Nilichokiona sikiandiki. Kidole kimoja si rangi ya mtu.

Mtoto hakulia. Mimi nilishika ukingo wa sinki. Yeye akachukua penseli, akamgusa kwa upande butu.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

Kisha baba yao akasema, kama anayezungumza na redio ya mteja, "Hapo waya umekatika."

Hakumtaja Profesa. Hakuwataja wenyewe. Alikuwa anautazama mguu kama ndiyo kwanza umeletwa dukani.

Nilitoka uani nikampigia mwenye teksi, kwa kunong'ona, nikamwambia hospitali, upesi. Nilimficha mume wangu. Na mgonjwa mwenyewe ndiye yeye.

Sasa teksi imefika, imepiga honi. Mtoto kanyanyua macho, kaniangalia. Baba yao naye kaniangalia. Ameelewa. Nikangoja aseme nani kaiita, nani kanituma.

Amesema, "Mwambie asubiri. Mtoto hajamaliza kuchora."

Hakusema aondoke.