Hatua Ambazo Sikuandika Nyuma ya Picha

Bwenini, Mugumu
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao Ghati ni mzima wa mwili, sijaumwa tangu shule ifunguliwe. Mama hajambo? Na kifua chako, kimepata nafuu au bado unakohoa asubuhi kwa lile vumbi la mawe? Kila tukisikia mvua imenyesha upande wa Tarime nawaza kwamba maji yameingia kwenye duara lenu, lile shimo la dhahabu hapo Nyakunguru, na kazi imesimama.

Utashangaa kwa nini naandika kwenye karatasi wakati matroni anatuazima simu kila Jumamosi. Jana zamu yangu ilifika, nikampisha mwenzangu. Nikiwa na foleni ya wasichana kumi nyuma yangu ningesema tu sijambo, msalimie Mama, kisha nikate. Na haya ninayoandika nimeagizwa na mtu mzima nikuambie mimi mwenyewe, kabla hujayasikia kwa mwingine. Naomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Ni habari ya lenzi yako.

Unakumbuka ulivyoitoa kwenye sanduku la Bibi, imefungwa kwenye kipande cha kitenge. Ulisema kamera yenyewe uliiuza kama vipuri zamani, lakini lenzi ilikushinda kuuza. Sikujua kama ingefaa kitu, ila nilikuwa nimekusimulia kuhusu kamera mpya ya klabu yetu ya mazingira, ukaniwekea kwenye begi bila kusema mengi.

Kamera hiyo ni ya kisasa, zile zisizo na kioo ndani. Ukichungulia unaona picha tayari, kama televisheni ndogo. Ilikuja na lenzi moja fupi, imeandikwa 50, ambayo inaona kama jicho letu linavyoona. Mwalimu Nyangi, mlezi wa klabu, aliagiza Mwanza ringi ya kuunganishia: upande mmoja unashika kamera mpya, upande wa pili unashika lenzi yako. Ni chuma tupu, haina waya wowote. Mara ya kwanza kamera ilikataa kupiga, ikasema hakuna lenzi. Nikasoma kitabu chake chote siku mbili mpaka nikapata mahali pa kuiruhusu ipige hata kama haioni lenzi.

Baba, lenzi yako bado inaona. Ina ukungu kidogo pembeni, kama nyuzi za buibui, na ukielekea jua picha inakuwa nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Ukiiinamisha chini inateleza na kujirefusha yenyewe. Lakini ukiwa na subira, ukizungusha ile pete polepole huku kamera ikikuonyesha kwa rangi nyekundu sehemu zilizokaa sawa, unaweza kumwona ndege aliye ng'ambo ya bwawa la Manchira na kumtambua. Nilikuwa naenda nayo kila Jumamosi ya klabu. Nilitaka kukuandikia barua ya kukushukuru. Ile barua sikuiandika, na sasa naandika hii.

Wasichana wa bweni langu waliiita mchi. Nikitoka nayo wananiuliza, "Ghati, leo unatwanga nini?" Mmoja alisema imeokotwa kwenye mtambo wa kusagia mawe ya dhahabu kwetu. Mimi nami nilicheka. Sikusema ni ya baba yangu, wala kwamba uliibeba kwenye harusi zote za Tarime kabla hujaanza kuchimba. Nilianza kuificha chini ya sweta.

Sasa nifike kwenye tukio lenyewe. Karibu na bwawa kuna mzee mfugaji, jina lake Mzee Wambura. Mke wake husali kanisa letu na kila Jumapili hutugawia sisi wa bweni maziwa mgando. Ana maksai mmoja mwekundu, pembe moja imesimama na nyingine imelala juu ya jicho. Watu wote wa hapa wanamjua yule maksai. Nilimwomba Mzee ruhusa ya kupiga picha ng'ombe wake, akaniangalia, akasema, "Piga, mtoto wa Nyakunguru. Ila usiwahesabu." Kisha akacheka, akamgeuza maksai ili jua la asubuhi limpate ubavuni.

Ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye birika lao la kunywea, lile lililojengwa nje ya vigingi vya mpaka wa bwawa ili mifugo isikaribie maji wanayokunywa watu wa Mugumu. Mimi nilikuwa mbali, juu ya jiwe moja fupi. Niliivuta lenzi mpaka mwisho, kwenye 210. Wewe unajua inavyofanya ikivutwa mpaka mwisho: vitu vya mbali vinasogeleana. Uwanja wote wa majani kati ya ng'ombe na bwawa ukamezwa, vigingi vikafichwa na majani, na ng'ombe wakaonekana wameingiza miguu majini, yangeyange wakiwa migongoni. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikaipa jina mimi mwenyewe: "Ng'ombe Wakinywa Bwawani." Nilijua hawakunywa bwawani. Nilichagua jina kwa kuwa lilifanana na picha.

Ilitundikwa shuleni siku ya maonyesho ya klabu, na Mwalimu Nyangi akasema ndiyo itakayokwenda Musoma kushindanishwa. Wale waliokuwa wakinicheka walinizunguka, wakaniuliza niliipigaje. Baba, nikawaambia nimetumia lenzi ya shule, ile mpya.

Siku mbili hazikupita, picha ilikuwa kwenye simu za watu wa mjini. Wengi walikasirika kwamba ng'ombe wanachafua maji yao, na maksai wa pembe iliyolala hakuhitaji kuandikwa jina la mwenyewe. Mzee Wambura aliitwa kijijini. Akakana, akasema tangu vigingi viwekwe ng'ombe wake hawajavipita hata mara moja. Lakini katibu wa kamati ya bwawa ndiye mwenye duka lililotuchapishia picha, na ni mtu anayeelewa kamera. Alifungua maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya picha, akakuta 50. Akawaeleza wazee, kwa haki kabisa, kwamba hamsini haisogezi kitu. Kama uwanja hauonekani kati ya ng'ombe na maji, basi uwanja haukuwepo. Wakasema Mzee atatozwa maksai yule yule, na birika atafungiwa. Wakamfunga maksai kwenye mti mbele ya ofisi ya kijiji kungoja mkutano wa Ijumaa.

Ile 50 niliiandika mimi. Lenzi yako haina waya wa kuongea na kamera, kwa hiyo kamera haijui chochote mpaka uiambie namba kwa mkono, ili iweze kutuliza mtikisiko. Niliandika 50 siku ya kwanza ya kuijaribu, kwa kuiga namba ya lenzi fupi, na sikurudi kuandika upya. Wewe nyuma ya kila picha yako uliandika kwa penseli ulisimama hatua ngapi na pete ilikuwa kwenye namba gani. Nilidhani ni mambo ya zamani ya filamu, kwamba kamera ya sasa inajiandikia yenyewe.

Jumatatu Mwalimu Nyangi aliniita ofisini. Alikuwa na wasiwasi. Akaniuliza, "Ghati, ulitumia lenzi gani siku ile?"

Kulikuwa na walimu wengine wawili wanakunywa chai. Kulikuwa na Musoma. Kulikuwa na wasichana wa bweni ambao nilishawaambia. Nikasema, "Ya shule, Mwalimu."

Akasema basi, nikarudi darasani.

Kuanzia siku hiyo mpaka Alhamisi nilikuwa napita mbele ya ofisi ya kijiji tukienda kuchota maji. Maksai alikuwa amesimama pale pale, kamba fupi, majani aliyoletewa ameyakanyaga. Mara moja nilimkuta Mzee Wambura amemletea maji kwenye ndoo. Alinisalimia kwa jina. Alijua picha ni yangu, ila alidhani mimi ni mtoto niliyepiga nilichokiona, na kwamba kosa liko kwenye mashine. Nikaitikia "marahaba" badala ya "shikamoo", kwa kuchanganyikiwa, na ndoo yangu ikamwagika nusu.

Alhamisi baada ya vipindi nilimfuata Mwalimu Nyangi na lenzi mkononi, bila sweta. Nilimwambia yote. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliishika ile lenzi, akaivuta na kuisukuma, akauliza, "Kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

Ijumaa alinipeleka kwenye mkutano. Wewe unajua mimi mbele za watu sauti yangu inaishia kooni. Nilisema maneno machache nikiangalia miguu yangu, na mzee mmoja wa nyuma akasema hasikii. Ndipo Mwalimu akaomba tuende kwenye lile jiwe, wote. Nikamwomba Mzee Wambura asimame kwenye birika na katibu asimame ukingoni mwa maji. Katibu ni mrefu sana, Mzee ni wa kimo cha kawaida, na nadhani hawajasalimiana tangu shauri hili lianze. Kwanza nikaweka lenzi fupi. Kwenye kioo walionekana kama punje mbili za mtama, kila mmoja kivyake, uwanja kati yao. Kisha nikaweka yako na kuivuta mpaka 210.

Watu walisongamana kuangalia. Katibu na Mzee Wambura walikuwa wamesimama bega kwa bega ndani ya maji, kimo sawa, kama ndugu wanaopigwa picha ya harusi. Mtu mmoja akamwita katibu kwa nguvu, kama anavyoitwa kijana wa kwetu, "Mura, sogea, unamkanyaga mzee!" Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kule mbali wale wawili hawakujua wanachekwa nini. Katibu alipokuja kuona mwenyewe aliipima ile njia kwa hatua, na mimi nikimfuata nikihesabu. Hapo hapo alisema mbele ya wote kwamba namba ilimdanganya. Alikuwa mwungwana. Hakusema nani aliiandika ile namba, lakini mimi nilisema.

Maksai alifunguliwa. Mzee Wambura hakucheka na watu. Alikuwa anampapasa maksai shingoni, pale kamba ilipomchubua manyoya. Nilimwendea, nikapiga goti, nikamwomba msamaha. Halafu akaonyesha kwa kidevu paa za shule yetu.

"Siku nne," alisema. "Shule si iko pale tu?"

Nikasema ndiyo.

"Hicho kitu ni cha nani?"

Nikasema, "Ni cha baba yangu." Baba, ilikuwa mara ya kwanza kulitamka hilo kwa mtu wa hapa bila kulazimishwa.

"Anajua?"

"Hapana, Mzee."

"Basi mwambie wewe. Mimi nina watu huko Nyakunguru, ningeweza kumfikishia. Ila mzazi asisikie habari za mtoto wake sokoni."

Akamwondoa maksai wake. Hakunigeukia tena.

Leo baada ya ibada mke wake alitugawia maziwa kama kila Jumapili. Nilijificha nyuma ya wengine, akanitafuta kwa macho, akanijazia kikombe sawa na wenzangu, si zaidi wala si pungufu. Nilikishika mpaka kikapata joto la mikono, kisha nikampa mdogo mmoja wa kidato cha kwanza.

Picha haiendi Musoma. Niliomba mwenyewe iondolewe, na Mwalimu alikubali bila kunibembeleza. Wasichana wa bweni nimewaambia mchi ni wa baba yangu. Pengine kesho wataanza tena utani wao, ila sitacheka nao.

Najua umenielewa kwamba niliogopa, kwa sababu wewe pia si mtu wa maneno mengi. Lakini kuogopa hakukunifundisha kusema "ya shule". Hilo nililitoa mwenyewe. Nikikumbuka kwamba uliuza kamera na kubakiza kioo hiki, na mimi nikakikana mbele ya vikombe viwili vya chai, natamani karatasi hii ijiandike yenyewe. Lenzi nimeifunga tena kwenye kitenge. Ukisema sistahili kukaa nayo, likizo nitakurudishia mkononi na sitanung'unika. Ukisema niendelee nayo, sitapiga tena bila penseli.

Nisalimie Mama, mwambie siku hizi nakula vizuri, asiwe na shaka. Nisalimie Bibi mwenye sanduku, na Mjomba wa duka la Sirari akija hapo nyumbani. Mdogo wangu Mwita mwambie ile kalamu aliyonipa ndiyo naandikia hapa. Kwa wenzako wa duarani nifikishie shikamoo zangu, ila haya mengine usiwasomee.

Nimekutilia ndani ya bahasha ile picha moja. Tafadhali igeuze. Nyuma nimeandika nilichopaswa kuandika siku ile ile, kwa namna yako, nacho ni hiki:

Nilisimama juu ya jiwe fupi. Hatua mia nne kutoka kwangu mpaka kwa ng'ombe. Hatua mia moja na ishirini kutoka kwa ng'ombe mpaka kwenye maji. Pete kwenye 210. Ng'ombe hawakuwa bwawani. Ni wa Mzee Wambura, walikuwa kwenye birika lao. Aliyepiga ni Ghati, kwa lenzi ya baba yake.

Mwanao anayengoja jibu lako, lolote litakalokuwa,

Ghati