Maji Yaliyochemshwa na Ardhi

Chemchemini, 14 Novemba 1993

Kaka Kasiani,

Shikamoo. Mimi nipo, sijui nyie wa hapo Rusimbi. Tumevuka kutoka Burundi wawili tu, mimi na Skola. Baba yake hatujui alipo. Tumeambiwa tusubiri hapa ufukweni mpaka tuandikishwe. Kutoka hatuna ruhusa.

Kipindupindu kimeingia. Ziwa hilohilo tunaoga, tunakunywa, wengine wanajisaidia humo. Kuni hakuna. Ila nyuma ya miamba ipo chemchemi ya moto, yai linaiva humo. Jirani yangu Dismasi anatania: "Mama Skola, Tanzania wametupa chai, bado majani tu!" Tunakunywa hayo, yana chumvichumvi. Skola anaharisha tangu jana. Wewe unayepima maji, nishauri.

Mdogo wako,
Mama Skola

Rusimbi, 17 Novemba 1993

Mdogo wangu Verediana,

Nimesoma barua yako nimesimama. Namshukuru Mungu mko hai. Pole, mama.

Liache ziwa. Kunyweni ya chemchemi, kipindupindu hakivumilii moto. Kwa Skola: lita moja ya maji hayo, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Mpe kidogo kidogo, hata akikataa. Sukari ninakutumia. Nami nitumie chupa moja ya maji hayo, niyapime ofisini.

Kaka yako,
Kasiani

Chemchemini, 22 Novemba 1993

Kaka,

Shikamoo. Sitauliza hali, nisamehe. Chupa hiyo hapo.

Nafanya kama ulivyoandika, nusu kijiko, sizidishi. Kuharisha kumepungua lakini kiu haiishi. Analia kwa Kirundi, "amazi, amazi," nikimpa maji hayo anageuza uso. Namshika pua ameze. Leo amekakamaa mikono, macho yamegeuka juu. Nimpe zaidi? Jibu upesi, kaka.

Mdogo wako,
Mama Skola

Rusimbi, 24 Novemba 1993

Verediana,

Acha kumpa maji hayo! Acha sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Nimeyakausha maji yako juu ya moto. Katika kila lita yanabaki magadi na chumvi gramu saba. Ya ziwa huacha kama nusu gramu tu. Mvua huzama kwenye nyufa za mwamba, joto la chini huipasha, na maji ya moto huyeyusha chumvi ya mwamba zaidi kuliko ya baridi. Moto ule niliousifu ndio ulioyatia chumvi, nami nikakuambia uongeze. Uliniandikia kuwa yana chumvichumvi. Nimefungua shajara yangu: tarehe 17 nimeyanakili maneno yako kwa mkono wangu, nikayapita bila kuyafikiri.

Chukua moto, acha maji. Jaza maji ya ziwa kwenye dumu, funga kifuniko, lizamishe pale yai linapoiva, saa nzima. Hayo ndiyo umpe, kwa kijiko, polepole. Mpeleke kwa daktari wa wakimbizi, kama yupo hapo, mwambie chumvi imemzidi mwilini.

Ningekuja mwenyewe. Boti ya Bonaventura, inayokuja huko kutoka mwalo wa Katonga, inabeba mahindi ya wakimbizi tu. Wamenikataa mimi, wamekubali barua.

Kaka yako,
Kasiani

Chemchemini, 2 Desemba 1993

Kaka,

Shikamoo. Boti iliharibika injini njiani. Barua yako imefika jana. Skola tulimzika Jumanne, juu ya miamba, mawimbi yasikofika.

Sikuandikii kukulaumu. Kijiko nilikishika mimi.

Dismasi amelizamisha dumu kama ulivyosema. Watoto wamekaa na vikombe vyao, ni kumi na mmoja, wanne wanaharisha. Mama zao wananiambia, "Gawa basi, kaka yako si msomi?" Nimelikalia dumu. Nimewaambia hakuna atakayekunywa.

Nakutumia chupa ya maji ya dumu hili. Yapime, kisha uyapime tena. Lakini usiniandikie jibu. Yanywe wewe kwanza, kisha uje mwenyewe nikuone mzima, ndipo nitagawa.

Mdogo wako,
Verediana