Kasanduku inaamini tuko mu 1970

Jumapili, 3/11/2024
Padri alihubiri uvumilivu. Yeye hana mutoto kule Walikale — uvumilivu kwake ni rahisi! Nilipiga miayo makusudi. Mama Fifi, bibi yangu, alinifinya.

Nyumbani nikaenda moja kwa moja kwa kasanduku ya Valentin, ile mashini ya kutunza picha. Iko juu ya kabati, karibu na Bikira Maria. Sijui kati yao nani anapewa heshima zaidi. Valentin, kitindamimba wetu, ni mupiga picha wa ndoa. Kila picha anayopiga kwa telefone yake, telefone ikipata réseau, mtandao, picha inakuja yenyewe mpaka humu ndani. Aliniambia, "Papa, hata wakiniibia telefone, kazi yangu iko nyumbani." Kisha akaenda Walikale kupiga picha za ndoa ya watu. Zamani jioni nilikuwa ninaona bibi-arusi wa mbali kabla ya bwana wake kufunga mlango. Sasa hakuna. Nikimuita, telefone haiitiki. Na kwa ordinateur, kompyuta yake nzee, maandiko mekundu tu: connexion sécurisée refusée. Inakataa kuunganisha.

Jumatatu, 4/11
Nilipuliza mavumbi. Nilichomoa, nilichomeka. Niliipiga kofi kidogo, kama redio. Mekundu vilevile.

Jioni nikachomoa kama kila siku. Mtaa wote tunazima mbele ya giza. Nyumba zetu ni mbao, mwanga unapita kwa nafasi, na kataa ka kijani, ile taa ndogo ya kasanduku, kanapepesa — askari watasema uko na phonie, redio ya kuita waasi. Wanauliza kwa mateke, wale.

Jumatano, 6/11
Jean de Dieu, yule wa pikipiki, alifika. Hakukaa. Alisimama mlangoni, casque ya kichwa mkononi. Anasema watu waliotoka kwa ile ndoa walivamiwa njiani. Pikipiki ziliungua.

Na Valentin?

"Sikumuona muzima, sikumuona mufu, Papa Straton."

Nikamwambia: basi umetoka mbali yote kuja kuniambia una macho mabaya! Alicheka kidogo. Halafu akalia. Mwanaume mukubwa hivi, na casque yake!

Mama Fifi alisikia yote toka jikoni. Kuingia chumbani, ninakuta ameshusha matela, godoro letu, chini. Kwetu matela ikishuka, ni kilio. Nikairudisha juu ya kitanda. Hakuna maiti, hakuna matanga, nilisema.

"We unangojea mashini," alisema.

Ndiyo. Ninangojea mashini.

Alhamisi, 7/11
Matela chini. Matela juu. Mugongo wangu! Hatusemezani. Matela ndiyo inasema.

Ijumaa, 8/11
Nilimuita Muhindo wa duka ya telefone, jirani yetu. Muntu wa Butembo kama bibi yangu — wale wanazaliwa na funguo ya duka mkononi. Aliketi mbele ya ordinateur, akafinya-finya, akaanza kucheka.

"Papa Straton, kasanduku inaamini tuko mu 1970!"

Usiirekebishe, nikamwambia. Mu 1970 nilikuwa na meno yote. Na hakukuwa bado na Valentin wa kupotea.

Halafu akanieleza. Ni kama barrière ya askari njiani: telefone inaleta karatasi yake, kasanduku inaangalia tarehe. Karatasi ni ya sasa, na kasanduku iko mu 1970. Basi inasema, hii karatasi haijazaliwa, rudi ulikotoka. Inafukuza mutoto wa nyumba kwa mlango wa baba yake! Ni kapile, betri ndogo ya saa, mule ndani, kalikufa. Kila jioni tukichomoa, inasahau mwaka, inarudi mu 1970.

Muhindo alitoa kapile kwa ordinateur moja mufu dukani kwake, akakaweka humu. Akaandika tarehe ya leo. Mekundu yakaondoka.

"Sasa mlango uko wazi, Papa. Inabaki yeye abishe."

Hakuna aliyebisha.

Jumamosi, 9/11
Amebisha!!

Nilikuwa ninachambua maharagi. Kasanduku ikaanza kunguruma kama paka. Picha zinakuja moja-moja, za zamani mbele. Bibi-arusi. Keki. Mutoto analala chini ya meza, kiatu kimoja. Nikapiga kelele, Mama Fifi akakimbia na mikono ya unga. Telefone inawaka, muntu ameichaji, basi Valentin anaishi! Aliimba. Akarudisha matela juu ya kitanda yeye mwenyewe, na shuka ya Noeli.

Jioni sikuchomoa. Mungu anisamehe, na askari pia. Nilifunika kataa na kofia yangu.

Jumapili, 10/11
Hatukuenda misa.

Zilikuja picha za njia. Matope, pikipiki imelala, wanaume wanaisukuma wakicheka. Halafu moja ya majani tu, ya ukungu, kama telefone imeanguka. Halafu tarehe inaruka, siku nyingi bila kitu.

Halafu kijana. Simujui. Anajipiga picha mwenyewe. Ingine, anatoa ulimi. Ingine, amevaa kofia nyekundu.

Nilisema kofia nyekundu ziko nyingi, hata sokoni Bweremana wanaziuza kwa mafungu kama samaki. Mama Fifi hakuangalia uso. Aliangalia kifungo cheupe pembeni, kile alichoshona yeye. Mimi nilikuwa ninamucheka Valentin na hiyo kofia: we jogoo, unaenda wapi!

Nikasema labda aliiuza. Labda walimuibia tu, yuko porini, anatukana. Si alisema mwenyewe, hata wakiniibia —

"Papa Fifi, nyamaza sasa."

Mama Fifi alisema kwa upole. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Yule kijana mujinga hajui. Kila akijichekea, anatutumia picha. Meno mazuri! Na yeye ana mama yake mahali, labda hana hata picha moja yake.

Giza linaingia. Majirani wamezima. Muhindo alibisha kwa ukuta: "Papa Straton, mwanga yako inaonekana mpaka njiani! Zima!"

Chumbani nikasikia Mama Fifi anavuta matela. Ni nzito kwa muntu mumoja. Nikaenda, nikashika upande wa pili. Tukaishusha pamoja, polepole, kama kuna muntu analala juu yake.

Lakini nimerudi hapa. Ordinateur inasema inabaki picha moja. Kamustari kanatembea kama konokono.

Ninasikia viatu vya askari njiani. Vingi. Nimezima ordinateur, ninaandika bila kuona vizuri. Kataa ka kijani nimekafunika na kiganja — kanapepesa chini ya vidole.

Sichomoi.