Kikombe Chenye Alama Nyekundu

Jumanne

Sijakasirika, naandika tu. Vipele vya mkanda wa jeshi vimeshakauka ubavuni, lakini shati likinigusa ni moto. Nimemuuliza daktari, kidonda kimepona, mbona maumivu yapo?

"Virusi vilijificha kwenye neva tangu ulipougua tetekuwanga utotoni," akasema. "Sasa vimeamka. Vinazifanya chembe za neva zitoe oksijeni kali inayozila zenyewe, kama kutu."

Kutu naijua. Nauza kufuli Kariakoo. Tangu biashara iwe ruksa zimejaa za nje, juu zinang'aa, ndani springi imeliwa.

Ila mtaani mkanda wa jeshi maana yake ni ukimwi, basi. Majibu ya damu Ijumaa. Naogopa.

Leo mama ntilie kanipa chai kwenye kikombe kilichopakwa rangi nyekundu kwenye kishikio. "Hiki chako peke yako, kaka," akasema, anatazama pembeni.

Nimekinunua, nikaja nacho nyumbani Magomeni, nikamweleza mke wangu. Akakiosha, akamimina chai humo humo, akanywa nusu.

"Malizia, baba Salma. Ijumaa tunaenda wote."