Nekesa, Wewe Hukuwadanganya Nyumbani

Nekesa wangu,

Ni miezi minne sasa tangu uanguke kazini usiamke tena, na bado nikitoka kuoga nakupigia kelele uweke chai. Chumba chetu cha chini ya nyumba hapa Richfield kiko vilevile, ila kitanda chako nimekitandika na sijaruhusu mtu akikalie. Mwenye nyumba ameniuliza mara mbili kama nimepata mtu wa kuishi naye. Nimemwambia natafuta. Sitafuti.

Kwanza nikupe habari za kwenu. Sikuweza kuusindikiza mwili wako hadi Kitale, hali yangu ya makaratasi unaijua, lakini mazishi niliyafuata kwenye simu. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba wangeuliza mali yako iko wapi. Si unawajua watu wetu? Mtu akifia Amerika, kule nyumbani wanangojea kusikia habari za majumba. Hakuna aliyeuliza. Mama yako alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Mtoto wangu hakutuficha kitu. Alifanya kazi mbili na bado alipanga laini ya chakula cha bure. Alituambia mwenyewe." Nilijivunia wewe, halafu nikaona aibu.

Aibu kwa sababu ya ile picha yangu. Ilipigwa mbele ya nyumba ya kule mji wa Blaine ninakomtunza yule mzee, njia imesafishwa theluji vizuri, gereji ya magari matatu, mimi nimeegemea gari la binti yake. Sikusema ni vyangu. Sikusema si vyangu pia. Mama akaitundika sebuleni kule Kisii. Wewe ulicheka hadi ukakaa sakafuni: "Moraa! Hapo wewe ni wa kubadilisha nepi! Shift ikiisha uta-catch bus urudi kwa basement kama sisi wote." Nilikununia siku mbili nzima.

Nawe wiki hiyohiyo ukapiga yako. Ilikuwa Jumamosi, nje ya kanisa linalogawa chakula, umevaa gauni la kitenge na viatu vya ibada, theluji imefika vifundoni, mfuko mkononi. Ukamtumia mama yako na maneno haya: "Mum, leo niko kwa laini ya chakula. Wazungu pia wako, na wengine wamekuja na uniform za job." Nilikuambia utamuua mama wa watu kwa presha. Ukanijibu kwamba kinachomuua mama ni kudhani mtoto wake ni tajiri aliyemsahau.

Na ulivyokuwa ukiingia pale! Kama mtu aliyealikwa. Unasalimia wote, unawauliza wanaogawa wameamkaje, unarudisha makopo usiyoyapenda. Mimi nyuma yako nimejifunika skafu hadi puani. Nilikuwa nafanya kazi saa sitini kwa wiki, katika nchi ambayo mbwa wa ile nyumba ya Blaine ana daktari wake, na jino langu lilikuwa linauma mwaka mzima. Jumamosi hiyo ulisema aibu si yetu. Tunawaogesha wazazi wao, tunawalisha, wakifa tunawafumba macho. Kama baada ya hayo yote bado tunapanga laini ya chakula, wa kujifunika uso ni mwingine. Sijawahi kukuambia jinsi nilivyokuheshimu siku ile. Nilijifanya natafuta basi.

Sasa sikia. Mwezi uliopita Ombati, mdogo wangu, alinipigia akiwa na furaha tele. Amepata wakala wa kumleta huku, na mama amekubali kuuza shamba la majani chai. Lote. "Si wewe uko na nyumba kubwa, nitaanzia kwako." Nekesa! Lile shamba ndilo linalomlisha mama. Na mimi ndiye niliyekuwa naliuza, kwa picha.

Siku nne nilizunguka na jambo hilo. Nilitunga uongo mwingine mdogo, nikauacha, nikatunga mwingine. Jumapili baada ya ibada nikawapigia kwa video, nikageuza simu. Nikawaonyesha dari hii ya kugusa kwa mkono, dirisha lililozibwa na theluji, makopo ya maharagwe ya kanisa. Nikawaambia nyumba ya Blaine ni ya mzee ninayemwogesha. Nilitaka kusema kama wewe, polepole, bila kujihurumia. Nilishindwa, sauti ilikuwa inakatika kila neno la tatu.

Ombati aliniita mwongo, na hapo hakukosea, kisha akatoka nje. Mpaka leo hataki kusema nami. Lakini shamba halijauzwa.

Mama alibaki ameshika simu. Miaka saba niko huku, na kila tukiongea ni karo, ni dawa, ni mabati. Simlaumu, mimi ndiye niliyejifanya ninazo. Aliisogeza karibu na uso. Kisha akaniuliza, "Moraa, leo umekula?"

Nililia, Nekesa. Tangu nipande ndege, hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza hivyo.

Pumzika sasa, dada yangu. Nakuahidi hivi: wakiniuliza tena ninaishi vipi, nitawaambia ninavyoishi.

Moraa wako