Mrundi wa Majengo

Jumatatu, 3 Februari

Njugu tayari. Chumvi imekaa sawa leo. Diyo, ninayekaa naye chumba kimoja, anakaanga, mimi nafunga kwa karatasi, na kwa kufunga hakuna mtu Kerugoya hii ananishinda. Hata yeye anakubali.

Kwa kuuza ndio napigwa. Tunatoka asubuhi na ndoo mbili, njugu za karai moja. Yeye anarudi saa sita na ndoo tupu. Mimi narudi na yangu nzito vile ilitoka. Leo nimemwambia mama mmoja sokoni, "njugu moto, mathe," akavuta kibeti karibu na kifua. Kibeti! Na mimi nimeoga, nimenyoa, shati nimepiga pasi.

Diyo ni Mrundi, wa mji wa Ngozi. Anaingia kwa ofisi za watu na hicho Kiingereza chake, kila bosi ni patro: "Gudi moningi, patro. Ze njugu iz veri hoti." Wanacheka mpaka wanashika meza, halafu wananunua. Wananunua huku wakimwigiza. Ati Warundi ni watu wa bidii. Ati Mrundi haibi. Mimi nimezaliwa Majengo, Nyeri, chini ya mlima huu huu, na naonekana mwizi kabla sijafungua mdomo. Nikifungua, wakisikia Kikuyu cha Nyeri, ndio kabisa.

Inaniuma. Hapa siandiki uongo.

Jumatano, 5 Februari

Leo nimekuwa Mrundi.

Nilienda upande wa ofisi za juu ambako hawanijui. Jina, Bosco. Nikalegeza taya, nikaleta ile "ze", nikaweka R mahali pa L. Hiyo R haikunipa shida, sisi Wakikuyu wenyewe tunayo tangu titi la mama. Karani mmoja alicheka R yangu mpaka akapangusa machozi, halafu akageukia mteja akamwambia arete raisensi, R ile ile. Nilimpimia njugu.

Ndoo iliisha kabla ya chai ya saa nne. Mimi niliacha shule kidato cha pili, na mwalimu wa Kiingereza alisema sitawahi kusimama mbele ya watu na kuongea hiyo lugha. Angeniona leo. Watu wa tai, wamenyamaza, wananisikiliza mimi.

Jioni nikamwigizia Diyo. Akaniangalia sana. "Wachira, mimi ndiyo niko nasema hivyo?" Nikamwambia yeye anasema vibaya zaidi. Hakucheka. Diyo hana utani.

Jumamosi, 8 Februari

Niko na kazi. Ya mshahara, na kitanda ndani.

Ilikuwa hivi. Alhamisi Diyo aliniambia Mama Muthoni, mwenye duka la hadiwea karibu na stendi, anatafuta kijana wa kuuza na kulala dukani. Na anataka Mrundi. Diyo alipanga kwenda Jumatatu, kwanza aoshe ile suruali yake nzuri. Mimi nikaenda leo.

Mama Muthoni aliniuliza kwa Kiingereza, polepole na kwa sauti ya juu, kama anaita mtu ng'ambo ya mto, kama nimetoka Burundi. "Yes, madamu. Bujumbura." Kama nakunywa. "No, madamu." Kama niko na ndugu hapa Kerugoya. "No, madamu." Hiyo ya ndugu ilimfurahisha kuliko zote. Karatasi hakuuliza. Nadhani alipenda hivyo, mtu asiye na karatasi haulizi nyongeza.

Nikamwambia Diyo. Suruali ilikuwa kwa kamba. Akaitoa ikiwa bado na maji, akaikunja. Basi. Hata tusi moja hakutoa. Heri angenitukana.

Waliosoma wanaita hii ushindani. Mimi naita kuamka mapema.

Jumanne, 11 Februari

Kazi rahisi. Misumari, rangi, mabati, waya za stima. Bei zote ziko kichwani. Kichwa hii si ya kubeba kofia tu.

Kigumu ni masikio. Wananiongelesha Kiingereza, halafu wao kwa wao wanaongea Kikuyu juu ya kichwa changu, kama mimi ni ile ngazi imeegemea ukuta. Leo fundi mmoja alimwambia mwenzake amminye huyu Mrundi bei, hajui kitu. Nikampandishia. "Sorri, patro." Nilijifurahisha mpaka saa sita.

Saa saba Mama akaja na jirani yake. Wakakaa hapo kando yangu na chai. Jirani akauliza mbona hakuandika kijana wa hapa. Mama akasema, kwa Kikuyu, bila hata kushusha sauti, kwamba vijana wetu wameisha. Asiyekunywa anaiba, na asiyeiba ni kwa sababu amelala mtaroni. Na wa Nyeri, akasema, hao usiwaache hata wapite mbele ya mlango. Halafu akanigeukia, akaniongezea chapati, akaniambia kwa Kiingereza nile, Bosco, nile nishibe.

Ni upole wa kweli. Niliuona kwa macho yake. Na wote ni wa Bosco, Wachira hana hata kipande.

Nilikula. Chapati ilishuka kama mchanga.

Jumamosi, 15 Februari

Karibu nikamatwe leo.

Diyo alipita na ndoo. Mama alikuwa dukani. Tukasalimiana kwa Kiingereza, Diyo na mimi, "ze dis" na "ze dat", kama wageni wawili wa maana. Mama akafurahi. Akasema lakini nyinyi ni wa nchi moja, mbona mnaongea kizungu? Ongeeni lugha yenu, nisikie inafananaje.

Jasho lilinitoka mpaka kwa soli. Kirundi changu ni neno moja, lile la kusema ndiyo.

Diyo aliniangalia. Angeweza kunimaliza hapo hapo, na haki angekuwa nayo. Badala yake akaanza kuongea Kirundi, maneno marefu, pole pole, akitingisha kichwa kama mtu anayetoa habari za nyumbani. Kila akipumua, mimi nasema "ego". Ego, ego. Mama akapiga makofi. Ati lugha tamu kama wimbo.

Jioni nilimfuata nikamuuliza alisema nini. "Nimekutukana weye na mababu yako, mpaka wa saba. Na weye uko unakubali."

Nilicheka. Yeye safari hii alicheka kidogo. Lakini mlango hakufungua nikaingia.

Jumatano, 19 Februari

Munene amekuja kutoka Nairobi. Ndiye mtoto wa Mama, wa pekee. Ana viatu vyeupe ambavyo havijui tope. Aliponiona alisema "so you are the Burundi boy" na akanipiga kofi kwa mgongo, ya kirafiki, kama unavyompiga ng'ombe.

Giza likiingia, Mama akiwa kanisani, Munene aliegesha pikapu nyuma. Akaingia stoo akatoa waya za stima, zile nene, akapakia. Akaniambia kwa Kiingereza ni oda, nisijali. Halafu akapiga simu hapo hapo, mgongo wake ukiwa karibu kuniguza, akaongea Kikuyu. Alimwambia mtu zinakuja. Akasema usiwe na wasiwasi, ikijulikana kuna Mrundi hapa.

Nilikuwa napima misumari. Nikaendelea kupima. Nilimwaga, nikaanza upya.

Niko na hasira. Niko na woga zaidi.

Ijumaa, 21 Februari

Leo ndio leo.

Mama alitaka waya kwa mteja mkubwa. Stoo hakuna. Aliniuliza, nikasema sijui, madamu. Nilisema hivyo. Munene akatoka ndani akitafuna mswaki. Basi wakaanza, wawili wao, mbele yangu, Kikuyu tupu. Mimi nimeshika fagio.

Munene akasema ni huyu, nani mwingine analala hapa? Mama akasema aki huyu mtoto alikuwa ameshampenda. Munene akasema tuite polisi, hana karatasi, hakuna hata kesi, anabebwa tu anarudishwa kwao na hiyo maneno inaisha. Mama akavua miwani. Akasema haya, piga simu.

Nilifikiria haraka, na mimi nafikiria haraka kuliko wengi. Nikinyamaza, naenda seli nikiwa Mrundi mwizi. Nikiongea, basi ni mimi, Wachira. Kitambulisho changu kiko chini ya godoro na jina lote la baba yangu.

Nikaongea. Kwa Kikuyu cha Nyeri, kizito, ile yetu. Nikasema: Mama, nimesikia yote. Waya zilibebwa na Munene Jumatano, ukiwa kanisani, na pikapu. Na kwa simu alisema nitabebeshwa mimi.

Mteja mmoja alikuwa na kopo la rangi mkononi, akaliweka chini bila sauti.

Mama akakaa juu ya saruji. Nilingoja aulize za waya. Nilingoja ageuke amwangalie mwanawe. Alisema hivi tu: "Wee ni wa nani?"

Nikamwambia. Wa Majengo, Nyeri.

"Ati wa Nyeri."

Akasimama akanichapa kofi. Halafu lingine. Akalia. Akasema nilikula chapati yake na mdomo wa uongo, nikamsikiliza akiongea mambo ya nyumba yake kama nyoka ndani ya dari. Munene ndiye alikuwa ametulia sasa. "Unaona, mathe? Huyu anadanganya hata mdomo wake mwenyewe. Hata hiyo ya waya ni uongo tu."

Na Mama akatingisha kichwa kwamba ndiyo.

Polisi hawakuita. Munene ndiye alisema waachane na mimi, ati ni aibu tu. Aibu! Nilitupiwa nguo kwa karatasi ya saruji. Mshahara usiulize.

Siku zote nilizodanganya walinipa chapati. Siku moja nimesema ukweli, na mdomo wangu mwenyewe, nimetolewa kama mbwa. Siwasamehe. Mama simsamehe zaidi ya Munene.

Jumamosi, 22 Februari

Niko kwa Diyo. Nilibisha, akafungua. Alisogeza godoro kando bila kuuliza. Amesikia, mji mzima umesikia.

Sijatoka nje. Yule karani wa raisensi amesema akinipata atanifunza Kirundi.

Alhamisi, 27 Februari

Mama Muthoni ametuma mtu amuite Diyo. Sasa anataka Mrundi wa kweli. Kwa sababu ya zile "ego" zangu, alimwambia aje na mwenzake wa kwao aseme mbele yake kwamba wanaelewana. Walienda, wakaongea, akaridhika. Anaanza kesho.

Nilikaa na hiyo habari mpaka ugali ukapoa. Nikafikiria kunyamaza. Kwa nini nisinyamaze? Mimi nani alinionya?

Lakini nilimwambia. Nikamwambia huyo Munene atarudi, na atabeba kitu kingine, na ataongea mbele yako kwa Kikuyu wewe ukiwa umesimama hapo kama gunia, na utaamkia seli. Nikamwambia niko tayari kumfunza maneno ya muhimu. Mwizi. Polisi. Stoo. Nilijiona mtu mkubwa kweli, mwalimu.

Diyo alinawa mikono. Akapangusa. Halafu akanijibu, na alijibu kwa Kikuyu.

Si cha kuokoteza. Kikuyu cha kukaa chini na kuongea. Alisema anakisikia tangu mwaka wake wa kwanza hapa, sokoni unajifunza au unalala njaa. Ufunguo wa stoo amekataa kuushika, Mama atakaa nao kiunoni. Ya Munene aliijua kitambo, kwa sababu Munene akija kutoka Nairobi huongea na simu akinunua njugu.

Nikamuuliza mbona basi hakiongei. Mbona anaacha watu wamcheke na hicho Kiingereza, na hapa ana lugha yao mdomoni.

Akarudi kwa Kiswahili chake. "Siku nitaongea, wao watanyamaza mbele yangu. Na mimi niko mgeni. Mgeni, asiposikia, atajuaje saa ya kukimbia?"

Akaosha sufuria.

Mimi nikakumbuka simu zangu zote za Nyeri. Usiku, tumelala bega kwa bega, nikimwambia mama yangu kwa Kikuyu, kwa sauti yangu ya kawaida, kuhusu huyu Mrundi mjinga ambaye nakaa naye, vile ananuka moshi, vile nitamtumia mpaka nipate changu. Na yeye amefunga macho.

Sikuuliza alisikia ngapi.

Jumatatu, 3 Machi

Baridi. Mlima hauonekani.

Nakaanga mwenyewe sasa. Nauza na sauti yangu. Mchana nimeuza robo ya ndoo, nyingi kwa mafundi wa pikipiki, ambao hawajali unatoka wapi bora ziwe moto.

Nilipita mbele ya hadiwea. Sikupanga, ndiyo njia. Diyo alikuwa kaunta amevaa ile suruali, anampimia mteja misumari. Aliniona. "Gudi moningi, sa," akasema, kama kwa mtu yeyote. Nikajibu kwa Kiingereza changu cha Majengo.

Mama Muthoni alikuwa kando yake. Akamwambia mteja, kwa Kikuyu, kwamba huyo anayepita na ndoo ndiye yule mwizi wa Nyeri.

Uso wa Diyo haukuwa na kitu. Mkono tu, ule wenye misumari, ulisimama kidogo juu ya mizani. Halafu ukaendelea.